Inchi 9 za pezi lipi?

"Longibodi yangu ina futi 9, kwa hiyo naweka pezi la inchi 9." Jamani, tena? Kwa ubao huu mrefu wa kuteleza kwenye mawimbi, kanuni ya inchi moja ya pezi (lile la chini ya mkia) kwa kila futi ya ubao ni pa kuanzia tu, na ni ya ubao wenye pezi moja. Kama una vipezi viwili vya ubavuni, vya inchi 3 hadi 4, pezi la kati lishuke hadi inchi 6 na nusu au 7 na nusu. Ukiacha la 9 hapo, mkia unang'ang'ania maji na ubao unageuka kama mtumbwi uliojaa mchanga. Aliye mwepesi ashuke nusu inchi zaidi.

Ila kinachonichosha hasa ni kusahau kwamba hizo inchi 9 ni kimo tu. Chukua mapezi mawili ya inchi 9 uyalaze moja juu ya jingine. La kwanza limesimama wima, ncha yake pana karibu sawa na shina, yaani sehemu inayokaa ubaoni. Hilo hushikilia mkia unapotembea hadi puani, ncha ya mbele ya ubao, na ukirudi nyuma ukakanyaga, ubao huzunguka palepale. La pili ni pana shinani, limelala kuelekea nyuma, ncha imechongoka. Hilo linapenda kasi na kona ndefu. Ukilidai kona ya ghafla, linagoma. Kimo kilekile, ubao uleule, tabia mbalimbali. Kanuni imekusaidia nini hapo?

Kuhusu ulaini wa ncha, tukubali tunabahatisha. Hakuna kipimo cha pamoja: "laini" ya mtengenezaji mmoja ni "ngumu" ya mwenzake. Shika ncha kwa vidole, ipinde, linganisha na ya pezi lako la zamani.

Na kabla hujanunua, sogeza ulilo nalo ndani ya boksi, ule mfereji wa chini ya ubao linamokaa pezi. Mbele, ubao unalegea. Nyuma, unashika njia. Robo inchi inatosha kuhisiwa, kwa hiyo piga alama ya penseli pembeni mwa boksi. Wengi wanaolalamika "pezi baya" wamelisukuma hadi mwisho wa boksi na kulisahau huko.

Kufunga ni kazi ya dakika mbili: kibati kinachopokea skrubu kwanza, kisukume mbele ndani ya mfereji, pini ya pezi iingie kwenye uwazi, irudi nyuma, shusha sehemu ya mbele, tundu likae juu ya kibati, kaza skrubu. Usikaze kwa hasira, kibati kitapasua midomo ya boksi. Pezi likicheza, bandika utepe kwenye pande za shina. FCS na Futures ni mifumo miwili tofauti ya kufungia mapezi: vipezi vya ubavuni vya FCS haviingii kwenye boksi la Futures, hata ukivibembeleza.

Pezi jipya likivuma ukishika kasi, usilirudishe dukani. Kagua ukingo wa nyuma: mara nyingi upande mmoja ni mnene kuliko mwingine. Msasa namba 220, kisha 400, kidogo kidogo, ukipapasa kwa kidole pande zote mbili.