Kamera imekufa, au imekosa mtandao? Istilahi za msingi kwa msimamizi wa CCTV

Sisi wa kitengo cha TEHAMA tukipigiwa simu na wasimamizi wa CCTV hapa Kigoma, mara nyingi tunaambiwa jambo lilelile: "Kamera imekufa." Tukifika, kamera ni nzima, ila imekosa mawasiliano. Msimamizi asiyejua vitu hivi vinaitwaje hushindwa kumwelekeza fundi, na mwisho wa siku analipia kufunguliwa kifaa kisicho na ubovu.

Tuanze na anwani ya IP, maana ndipo penye vurugu nyingi. Ndiyo inayotambulisha kifaa kwenye mtandao: namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Za mtandao wa ndani aghalabu huanza na 192.168 au 10. Chukulia duka la jumla pale Mwanga lenye kamera nane: rekoda, yaani kifaa kinachohifadhi picha za kamera, imepewa 192.168.1.10, kamera zimefuatana kuanzia 192.168.1.11 hadi 192.168.1.18. Siku moja karani anachomeka printa mpya. Ruta, yaani kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na intaneti, kwa utaratibu uitwao DHCP, huvigawia vifaa anwani yenyewe, na bila kujua kwamba 192.168.1.14 ina mwenyewe, inaipa printa. Kuanzia hapo kamera ya nne inaonekana, inapotea, inarudi. Ukiizima na kuiwasha mara kumi hutapata dawa. Iambie ruta igawe anwani zenye namba ya mwisho kuanzia 100 hadi 200 tu, kamera zibaki na anwani za kudumu chini ya hapo.

Anwani ya MAC ni nyingine: alama 12 za tarakimu na herufi, hutolewa kiwandani na hubandikwa kwenye kamera. Iandike daftarini kabla kamera haijapandishwa ukutani. Ukisahau, utaazima ngazi.

Swichi ndiyo inayokusanya waya zote. Yenye PoE hupeleka na umeme kwenye waya huohuo wa mtandao. Kiwango cha kwanza cha PoE, cha mwaka 2003, hutoa wati 15.4 kwenye poti, yaani tundu la kuchomekea waya, na kamera huhakikishiwa 12.95 kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani. Kwa hiyo kamera inayofanya kazi vizuri mchana halafu ikazimika kila giza linapoingia, usiishuku lenzi. Taa zake za usiku zimewaka na umeme haujatosha. Waya wenyewe mwisho wake ni mita 100. Kwenye maghala marefu ya upande wa bandarini umbali huo huisha haraka, na hapo faiba, yaani waya unaopitisha data kwa mwanga, ndiyo jibu. Faiba isiyo na chuma ndani ina faida ya ziada kwa mji wenye radi kama wetu, kwa kuwa haipitishi umeme kutoka jengo moja hadi jingine.

Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Kamera inayotuma megabiti 4 kila sekunde hujaza gigabaiti 43.2 kwa siku. Zile nane za dukani zinakula takribani 346, na diski ya terabaiti 4 inadumu siku 11 na nusu tu. Muuzaji anayekuahidi mwezi mzima kwa diski hiyo mwombe akupigie hesabu mbele yako.

NTP ni utaratibu wa kusawazisha saa za vifaa. Rekoda iwekwe UTC+3, yaani saa za Tanzania. Na shahidi akisema wizi ulitokea saa nane usiku, tafuta 02:00 kwenye rekodi. Wapo wanaokwenda kupekua 20:00 na kurudi mikono mitupu.

La mwisho ni poti za ruta; hapa si matundu ya waya, bali milango ya mawasiliano yenye namba ndani ya ruta. Ili bosi aone kamera akiwa safarini Tabora, mafundi wengi hufungua poti ya ruta moja kwa moja kwenye intaneti na kuacha nenosiri la kiwandani. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko yote. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na rekoda nyingi duniani kwa kujaribu manenosiri ya kiwandani tu, kisha vikazitumia kushambulia mitandao ya watu wengine. Tumia VPN, yaani njia iliyofumbwa ya kuingia mtandao wa ndani ukiwa mbali, na ufunge poti hizo. Kama nenosiri la rekoda analijua fundi peke yake, mwite, mlibadilishe mkiwa wote wawili, kisha libaki kwako.