Likizo ndefu, simu na tuisheni: mtoto mdogo mpeni kazi ya sikukuu

Tangu shule zifungwe, malalamiko yanayoingia ofisini kwetu hapa Lamu ni ya aina mbili, na ukiyaweka pamoja yanachekesha. Mzazi wa kwanza anakuja anasema mtoto wake wa miaka minne haachi simu, akinyang'anywa analia mpaka anatapika, sasa afanyeje. Wa pili, na saa zengine ni yule yule wa kwanza amerudi, anataka tumwelekeze kwa mwalimu wa tuisheni ya PP1, lile darasa la kwanza la chekechea, manake mtoto "anakaa bure tu nyumbani". Mimi ni ofisa wa elimu ya chekechea, haya maswali nayajibu kila siku tangu asubuhi, kwa hivo leo nayajibu yote hapa, na nikionekana nimechoka kidogo mtanisamehe.

Nianze na tuisheni kwa sababu hiyo ni sheria, sio maoni yangu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza mwanafunzi kutiwa kwenye tuisheni wakati wa likizo. Anayevunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Narudia, vyote viwili. Na tafadhali msije na ile ya "lakini sisi wazazi ndio tuliomuomba mwalimu", kukubaliana kwenu barazani hakufuti kifungu cha sheria, wala kuiita "kujikumbusha" hakuibadilishi. Mtoto wa PP1 na PP2, madarasa yote mawili ya chekechea, yuko chini ya kaunti, manake Katiba ya 2010 kwenye Jedwali la Nne imeiweka elimu ya chekechea kwa kaunti. Kuanzia gredi ya kwanza kupanda juu ni Wizara ya Elimu, na mwalimu aliyeajiriwa na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, mambo yake ya nidhamu yako TSC. Ukituletea kesi ya gredi ya tatu tutaipokea na tutaipeleka inakotakiwa lakini wewe utakuwa umepoteza siku zako bure.

Sasa simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 wa watoto walio chini ya miaka 5, na mwongozo wenyewe hauna mafumbo. Mtoto wa chini ya miaka 2 hapendekezewi skrini kabisa, akifika miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ndio bora zaidi. Huyo huyo wa miaka 3 na 4 anatakiwa ajisogeze, akimbie, apande, aruke, kwa jumla ya dakika 180 kwa siku, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho, halafu alale saa 10 mpaka 13. Pigeni hesabu wenyewe, mtoto anayeangalia katuni tangu anapomaliza chai mpaka adhuhuri hizo dakika 180 atazipata wapi?

Na kabla hujauliza, ndio, katuni za kufundisha herufi zinahesabiwa. Televisheni inahesabiwa. Simu ya nyanya isiyo na bando yenye video moja tu inayorudiarudia, inahesabiwa pia. Kuna mzee mmoja aliniambia kwa ujasiri kabisa kwamba mjukuu wake ameshajua Kiingereza kwa sababu ya simu, nikamuita mtoto nikamuuliza kwa hicho hicho Kiingereza jina lake nani, akaniimbia rangi saba. Rangi anazijua, sikatai, ila kuulizwa na kujibu bado. Kitu pekee ninachokubali bila ubishi ni kupiga simu ya video na baba aliye Saudia au Qatar, hata chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinachokataza skrini kwa watoto wa chini ya miezi 18 kimeitoa hiyo, manake pale kuna mtu anamjibu mtoto.

Haya, tumeiweka simu juu ya kabati, mtoto analia, mama ana kazi zake. Hapa ndipo wazazi wengi wanaponiuliza ninunue nini, nami nawaambia usinunue kitu. Nyumba inayojiandaa kwa sikukuu ina kazi chungu nzima, na mtoto wa miaka minne hakuna anachokitaka zaidi ya kuambiwa naye ana kazi. Tunawafukuza jikoni na uani halafu tunashangaa wamekwenda kutafuta simu. Sikukuu hapa kwetu nazo sio moja, kuna Idd mbili, kuna Maulidi, Mpeketoni na Witu kuna Krismasi, mwisho wa mwaka kuna harusi juu ya harusi, na zote zina vitu vya kupima, kuhesabu, kupanga na kupeleka.

Chukueni kaimati. Mafuta ya moto mtoto hayakaribii, hilo sielezi zaidi. Lakini kupima unga kikombe kwa kikombe ni kazi yake, kukoroga ni kazi yake, na zikishapoa kuzipanga ni kazi yake hasa. Majirani sita, kila sahani kaimati tano. Asihesabu kwa mdomo tu kama kasuku, aziweke moja moja kwa mkono, na ikibakia sahani moja ina tatu muulize zimepungua ngapi halafu unyamaze. Kunyamaza ndio kazi ngumu ya mzazi, wengi wenu mnamjibia. Kisha yeye mwenyewe abebe sahani moja kwa jirani wa mlango wa pili na aseme salamu yote kuanzia shikamoo mpaka "mama anasema sikukuu njema", na arudi na jibu. Hapo amehesabu, ametoa, amebeba kwa mizani, ametumwa na amezungumza na mtu mzima, na hiyo ndio PP1 yenyewe mnayotaka kuilipia.

Ukiwa huna kaimati fanya udongo wa unga. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kikombe 1 cha maji lakini maji yatie polepole, ukande mpaka usinate mkononi. Sehemu moja tia manjano ya mchuzi ipate rangi, sehemu nyengine iache nyeupe. Mtoto afinyange mwezi na nyota za Idd, au punda, au jahazi, mkaanike juani. Usile na usimwache mdogo aule, chumvi ile ni nyingi mno.

Hina pia nitaisema ingawa wanawake wa hapa hawahitaji kufundishwa hina na mimi. Mtoto acheze kuchora maua kwenye karatasi ya pakiti ya unga kwanza, afuatishe mkono wake mwenyewe kwa penseli halafu aujaze, ni mazoezi mazuri ya vidole kabla ya kuandika. Hina ya majani kwa kawaida haina shida. Ila piko, ile nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele, msiwapake watoto. Ndani yake kuna kemikali inaitwa PPD, inaunguza ngozi, inatoa malengelenge na kovu linaweza kubaki, na kila sikukuu ikipita tunaona mikono midogo imevimba na mama anasema "mbona mimi hainidhuru". Wewe ngozi yako sio ya mtoto wa miaka mitatu.

Kidau cha kuchezea nitakaa nacho kidogo manake ndicho nilichokiona wiki iliyopita barazani kwa jamaa mmoja mtaa wa Langoni. Babu alichukua ndara kuukuu iliyokatika kamba, akaikata kwa kisu ikachongoka mbele, kisu alishika yeye. Mjukuu, miaka mitano, akapewa njukuti ya ufagio achomeke katikati iwe mlingoti, akapewa kipande cha leso iliyochanika kiwe tanga. Kidau kikawekwa ndani ya beseni kikalala ubavu. Mtoto akasema kibovu. Babu hakusema kitu, akaendelea na kahawa yake. Mtoto akalitoa tanga, kikasimama, akalirudisha, kikalala, akalikunja nusu, kikainama lakini hakikulala. Hapo ndipo babu akaanza, huku mbele ni omo, nyuma ni tezi, na huo mti tunaofungia tanga ni foromali, na wewe foromali huna ndio maana tanga lako linaning'inia kama nguo kwenye kamba. Ikatafutwa njukuti ya pili. Walikaa karibu saa nzima na simu ilikuwa pale pale kwenye mto ina chaji, hakuna aliyeitazama. Mwishoni mtoto alikuwa anapuliza tanga kwa mdomo anasema kaskazi imekuja, na kweli mwezi huu ni wa kaskazi.

Mkishamaliza waelezeni pia habari ya Flipflopi, lile jahazi lililoundwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa ndara za rangi rangi, likashushwa majini mwaka 2018 na 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Mtoto ataitazama ile ndara yake kwa jicho jengine.

Onyo mbili juu ya vidau. Tanga lisiwe la mfuko wa plastiki. Mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, na adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 mpaka milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 mpaka 4, au vyote. Najua mtasema nani atamshtaki mtoto kwa tanga la kidau, sijasema atashtakiwa, nimesema mfuko usiwe nyumbani kwako. La pili na hili ndilo kubwa, jaribuni kwenye beseni na mtu mzima akiwa amekaa hapo hapo, sio gatini. Mtoto mdogo anazama kwenye maji machache sana, hata ndoo inatosha, na hazami kwa kelele kama kwenye filamu, anazama kimya. Mchezo ukiisha maji yamwagwe saa ile ile. Na zile birika za kuwekea maji hamamuni kwenye nyumba zetu za kale, zenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, mtoto anapenda kwenda kuhesabu visamaki, mpelekeni mhesabu naye halafu mlango ufungwe kwa komeo la juu.

Makuti sina haja ya kueleza, kila mtu hapa amewahi kusuka saa ya ukuti na pangaboi la kukimbia nalo uchochoroni, kama umesahau muulize shangazi. Mdako pia. Ila kwa walio chini ya miaka 3 vijiwe, kauri na shanga hapana, kipimo chetu ni kile kigogo cha karatasi ya chooni, kitu kikipita ndani yake basi kinaweza kumkaba mtoto huyo. Puto lililopasuka nalo liokotwe vipande vyote mara moja, watu hawaliogopi puto na ni katika vitu vibaya sana kwenye koo la mtoto.

Usiku ndio wazazi wanaposhindwa, nakubali. Baada ya isha mtoto amechoka na wewe umechoka zaidi, simu inakuita. Jaribu taa ya chemli na kivuli cha mikono ukutani, au stima ikipotea, na itapotea, ndio wakati wa kitendawili. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Mwache akose. Mwache aseme ni jela, ni kaburi, ni shimo la kaa, kila jibu la kukosea muulize kwa nini, ndipo umwambie yai. Kesho yake ataamka na cha kwake ambacho hakina jibu la maana, kitegue hivo hivo.

Kuna wanaonipigia kuniuliza kama wanaweza kukusanya watoto wa mtaa kumi na tano uani wacheze pamoja, je hiyo ni tuisheni? Jamani. Kucheza sio tuisheni. Hakuna anayelipa, hakuna ubao, hakuna kitabu cha shule, hamna kosa. Mkataba wa Haki za Mtoto ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 umeitaja haki ya kucheza kwenye kifungu cha 31, na Sheria yetu ya Watoto ya 2022 nayo inailinda. Ila muwe na watu wazima wawili wanaojulikana, wazazi wajue watoto wako wapi, na mtoto asiondoke na mtu ambaye hamkumkabidhi. Mkiona mtoto anadhulumiwa au mtu mzima mwenye tabia za kutia shaka pigeni 116, ni bure, inapokelewa usiku na mchana, msisubiri likizo iishe.

Na wale wenye malalamiko ya tuisheni za chekechea zinazoendelea sasa hivi, leteni kwa maandishi ofisi ya elimu ya chekechea ya kaunti, au kwa ofisa wa wodi yako akutilie muhuri nakala yako. Tunataka jina la kituo, siku, saa, darasa gani na kiasi mnacholipa kama mnalipa. Jina lako unaweza kutuomba tusilitoe. "Nimesikia watu wanasema" siwezi kuifungulia faili.