Namna ya Kusoma Dirisha la Ukumbusho wa Vita Kanisani

Makanisa mengi ya vijijini Uingereza yana dirisha la vioo vya rangi linaloonyesha shujaa mwenye deraya (vazi la chuma la vita), upanga mkononi, joka miguuni. Huyo ni Mtakatifu George. Chini yake yameandikwa majina ya vijana wa pale waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Wengi walikuwa vibarua wa mashambani, watunza farasi na makarani. Deraya hawakuwahi kuivaa.

Madirisha haya yaliongezeka baada ya vita, na sababu yake kubwa ni makaburi. Mwaka 1915 Uingereza ilipiga marufuku kurudisha maiti za askari nyumbani, awe mtoto wa tajiri au wa kibarua. Kamisheni ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa 1917, ilishikilia msimamo huo hata bunduki ziliponyamaza. Mama aliyefiwa hakuwa na kaburi la kupalilia, na wapo ambao miili ya watoto wao haikuonekana kabisa. Kanisa la kijijini ndilo likawa mahali pa kuweka jina.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya dirisha la namna hii, anza chini, kwenye maandishi. Je, ni jina moja la ofisa, au ni majina ya kijiji kizima? La kwanza kwa kawaida lililipiwa na familia yake, la pili kwa mchango. Yamepangwa kwa vyeo au kwa alfabeti? Mpangilio huo una mengi ya kusema juu ya kijiji chenyewe. Na kwa kuwa Kanisa la Anglikana hudai kibali cha dayosisi kabla ya kuweka kitu kama hicho, mara nyingi barua za maombi bado zipo kwenye nyaraka.

Swali la majina linatugusa na sisi. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, inawakumbuka askari na wapagazi Waafrika kwa ujumla, bila jina la mtu hata mmoja, ingawa wapagazi waliorekodiwa kufa upande wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki wanazidi 40,000. Mwaka 2021 Kamisheni hiyohiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia himaya, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Si kila dirisha lina mtakatifu wa deraya. Kanisa la Mtakatifu Maria, kijiji cha Swaffham Prior huko Cambridgeshire, lina madirisha yanayoonyesha vita yenyewe: mahandaki, mzinga, kifaru, nyambizi, Zeppelin (chombo kikubwa cha gesi cha Wajerumani) angani, wanawake katika kiwanda cha silaha, hata Sanamu ya Uhuru ya New York. Picha zinaambatana na maneno ya Biblia. Aliyeyabuni ni mwenye ardhi wa kijiji, Charles Peter Allix. Kwa uzuri, mimi siyaweki mbele. Picha ni ndogondogo na zimejazana. Lakini kwa anayetaka kujua watu wa wakati ule waliionaje vita yao, nayapendelea kuliko Mtakatifu George kumi.

Sasa kioo chenyewe. Rangi yake kuu haikupakwa. Iliyeyushwa pamoja na kioo, kwa mfano kobalti kwa buluu. Sura za watu na herufi ndizo huchorwa juu, kwa unga wa kioo uliochanganywa na oksidi ya chuma au shaba, kisha huchomwa tanuruni mpaka zishike. Njano ya taji za watakatifu hutokana na madini ya fedha. Vipande hushikanishwa kwa vipapi vya risasi (metali laini, si ya bunduki) vinavyolehemiwa kwenye maungio.

Risasi huchoka. Baada ya miaka mia hivi huanza kulegea, na madirisha ya miaka ya 1920 yamefikia umri huo. Dalili ni dirisha kufura, lehemu kupasuka na mvua kupenya. (Wapo wanaoamini kwamba kioo chenyewe hutiririka polepole kuelekea chini. Hapana, kinachojipinda ni risasi.)

Hatari nyingine ni usafi wa nia njema. Rangi isiyochomwa vizuri hutoka kwa kitambaa na sabuni ya kawaida, na mvuke unaogeuka matone juu ya kioo huteremka na kutuama ukingo wa chini, palepale kwenye majina. Ndiyo maana herufi hufifia wakati joka bado linang'aa. Kabla fundi hajagusa chochote, piga picha za maandishi yote kwa karibu, mwanga wa mchana ukitokea nje, na nakala moja iwekwe mbali na kanisa.