Kabla ya kuandika wosia, jua ni sheria ipi inakuhusu

Anayetaka kuandika wosia kwa kawaida huanza na nyumba: nimwachie nani? Mimi huuliza kwanza jambo jingine: ukifariki leo, mirathi yako itaendeshwa kwa sheria ipi? Tanzania Bara zipo tatu: ya kimila, ya Kiislamu, na ya kiserikali, ambayo ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, ya India. Ililetwa enzi za mkoloni na bado inatumika. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua idadi ya mashahidi, kiasi unachoruhusiwa kuusia na mahakama watakayokwenda watoto wako.

Kabila pekee halitoshi kukuweka chini ya mila. Tangu shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi la mwaka 1969, mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi: je, alibaki katika desturi za kwao au aliziacha? Mngoni aliyeishi Dar es Salaam miaka yote na kufunga ndoa kanisani anaweza kabisa kuangukia sheria ya kiserikali.

Kimila, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kama mwusia anajua kusoma na kuandika, ni wawili: mmoja wa ukoo, mmoja wa nje. Kama mwusia hajui, ni wanne. Uandikwe kwa wino usiofutika, uwe na tarehe, na wote watie saini wakiwa pamoja. Mke aliyepo nyumbani naye hushuhudia, zaidi ya hao. Ukimnyima mtoto urithi, taja sababu. "Hanisikilizi" si sababu.

Mwislamu huusia theluthi moja tu ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, tena kwa asiye mrithi. Kwenye sheria ya kiserikali mashahidi wawili wanatosha, ila shahidi aliyeachiwa kitu, au ambaye mume au mke wake ameachiwa, hukipoteza. Wosia wenyewe unabaki hai. Ukishaandikwa unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Usiufungie kwenye sanduku ambalo ufunguo wake unaujua wewe tu.

Kosa linalogharimu kuliko yote hutokea baada ya msiba. Familia inakwenda Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko jirani, ilhali mahakama hiyo husikiliza tu mirathi za kimila na za Kiislamu. Za kiserikali huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kulingana na thamani ya mali. Mlango ukikosewa, ndugu mmoja asiyeridhika akikata rufaa mwenendo mzima hufutwa, pengine shamba likiwa limeshauzwa.

Kwenye Mahakama ya Mwanzo, mwombaji hujaza Fomu Namba 1 na kupeleka cheti cha kifo pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari huo ni pendekezo tu. Mjomba aliyechaguliwa kikaoni hana mamlaka ya kugusa hata akaunti ya benki mpaka mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi. Na akishateuliwa, hajawa mwenye mali: ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu za ugawaji kwa Fomu Namba 6. Wasimamizi wengi huishia kwenye barua ya uteuzi, wakaona kazi imekwisha. Orodha hiyo isichanganye sehemu ya mjane katika mali waliyochuma pamoja na marehemu. Hiyo ni yake, itengwe kabla ya kugawa.

Kwa nyumba yenye hati, msimamizi husajiliwa kwanza yeye kama mwakilishi wa marehemu, ndipo ahamishe kwa warithi au kwa mnunuzi. Ukiuziwa nyumba ambayo hati bado ina jina la marehemu, omba barua ya uteuzi, kisha nenda mahakama iliyoitoa uthibitishe kwamba uteuzi haujatenguliwa.