Maombi mia ya kazi si jarife

Vijana wengi hapa Malindi huamini kwamba ukituma wasifu uleule kwa matangazo mia ya kazi kwenye tovuti za BrighterMonday au Fuzu, ni kama kutega jarife, ule wavu mkubwa wa kuvulia: lazima kitu kinase. Sivyo. Mwajiri mwenye maombi tele huanza kwa kuchuja, pengine kwa programu, akitafuta maneno ya tangazo lake mwenyewe. Tangazo lasema, "mhudumu wa mapokezi, ajue Kiitaliano", wewe waandika, "mchapakazi, mwenye nidhamu." Kiitaliano wewe wakizungumza tangu utotoni pale ufukweni, na hukukitaja! Kiweke juu kabisa. Afadhali maombi matatu yanayojibu tangazo, tena mapema, kabla msimu wa watalii wa Desemba haujashika. Na anayetaka "ada ya usajili" kwa M-Pesa, mpite tu.