Je, wajua kwa nini safari ya kwenda New York ni ndefu kuliko ya kurudi Nairobi?

Tulipomsindikiza dada yangu pale uwanja wa Jomo Kenyatta, mjomba aliishika ile karatasi ya safari akaisoma mara mbili. Kwenda, saa 15 hivi. Kurudi, saa 14 hivi. "Njia si ni ile ile?" akauliza. "Tena dunia huzunguka kuelekea mashariki. Anayekwenda magharibi, New York si inamjia? Angefika mapema!"

Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja hadi uwanja wa John F. Kennedy tarehe 28 Oktoba 2018, na umbali wenyewe ni takriban kilomita 11,800. Ramani ya ukutani inakudanganya kwamba utapita juu ya Nigeria na Mali. Chukua uzi uuvute juu ya tufe: unakata Sahara, unatokea Moroko, ndipo unaingia Atlantiki.

Sasa hoja ya mjomba. Panda matatu iliyoshika kasi Mombasa Road, umtazame makanga akirusha sarafu juu. Sarafu hairuki ikampiga abiria wa kiti cha nyuma. Inarudi mkononi mwake, kwa sababu ilikuwa inakwenda na gari tangu mwanzo. Hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Hapa kwetu karibu na ikweta, ardhi inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Hewa ingekuwa inaachwa nyuma, hakuna bati lingebaki juu ya nyumba Nairobi nzima.

Anayekula ile saa moja ni upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 ambako ndege kubwa hupita, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kama mto uliopotea njia ukapanda angani. Huzaliwa pale hewa baridi ya kaskazini inapokutana na hewa ya joto ya kusini, na mzunguko wa dunia ndio unaoupinda uelekee mashariki. (Kwa hiyo mjomba hakukosa yote.) Majira ya baridi huzidi nguvu, na kuna siku hupita kilomita 300 kwa saa.

Ndege aina ya Dreamliner hukata hewa kwa kilomita 900 hivi kwa saa. Ikikutana ana kwa ana na upepo wa 150, ardhini inasogea kwa 750 tu. Ikigeuka upepo uisukume mgongoni, ni 1,050. Marubani wanaokwenda Marekani hujaribu kuukwepa mkondo huo, wanaorudi huutafuta.

Dada aliporudi alisema alikesha akitazama kioo kilicho mbele ya kiti chake. Juu ya bahari kasi ilipita 1,000. Walipoingia Afrika na kuteremka kuelekea ikweta, ikaanza kushuka, kidogo kidogo, hadi ikakaa karibu na 900.