Baba ana miaka 76, apimwe PSA?

Swali hili, kuhusu kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya tezi dume, huletwa na mtoto zaidi kuliko mzee mwenyewe. Mtoto amemzika rafiki wa baba yake, au amesikia kipindi cha afya, basi anamshika mzee mkono na kumleta. Yeye ndiye anayeeleza. Mzee ameketi kimya. Mara nyingine damu imeshachukuliwa kwenye uchunguzi wa mwili mzima, majibu yamerudi 7, na nyumba nzima haijalala. Mimi ni daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, na kwa mwanaume aliyevuka 70 huanza kumwangalia mwenye damu kabla ya kuitazama hiyo damu.

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo chenyewe. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, iwe nzima au ina ugonjwa. Tezi ikitanuka, kama inavyowatokea wanaume wengi uzeeni, PSA hupanda. Maambukizi ya mkojo huipandisha sana. Kuwekewa mpira wa mkojo huipandisha, na hata kumwaga mbegu siku moja au mbili kabla ya kupima huweza kuisogeza. Ndiyo maana ile 4 iliyozoeleka kuwa mpaka haimfai kila mtu. Kwa wanaume wenye umri wa miaka 70 hadi 79 wapo wanaokubali hadi 6.5. Kuna na kinyume chake, ambacho husahaulika mno: finasteride na dutasteride, dawa za kupunguza tezi iliyotanuka, hushusha PSA kwa karibu nusu zikitumiwa kwa miezi kadhaa. Mzee anayezimeza akiniletea 3.5, mimi nasoma 7. Kwa hiyo njoo na dawa zote za baba kwenye mfuko, hata zile anazodhani hazihusiki. Na majibu ya kwanza yakiwa juu bila dalili yoyote, mara nyingi narudia kipimo baada ya wiki kadhaa kabla ya kutaja neno saratani.

Sasa ugumu wenyewe. Uchunguzi wa miili ya wanaume waliokufa kwa sababu nyingine umeonyesha kwamba wakishavuka 80, zaidi ya nusu huwa na saratani ndani ya tezi dume. Wengi wao hawakuwahi kujua, na haikuwahi kuwasumbua. Saratani nyingi za hapa hukua taratibu sana, na PSA huweza kuzigundua miaka mitano, kumi au zaidi kabla ya dalili. Kwa mwanaume wa miaka 55 muda huo ni nafasi ya kupona. Kwa mwenye miaka 82, moyo dhaifu na figo zinazochoka, unaweza kuwa miaka ya kuishi na jina la ugonjwa ambao usingemfikia.

Utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza miaka ya 1990 ndio unaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Walioangaliwa hasa ni wanaume wa miaka 55 hadi 69. Baada ya miaka 23, vifo vya saratani ya tezi dume vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13 kwa walioalikwa kupimwa, yaani kifo kimoja kimezuiwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa. Faida ipo, sibishani nayo. Lakini tofauti kati ya waliopimwa na wasiopimwa ilichukua miaka saba hivi hata kuanza kuonekana. Madhara hayangoji hivyo: wasiwasi huja siku ya majibu, maambukizi huja wiki ya kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi kinachotolewa kwa sindano ili kipimwe, na mkojo usiozuilika huja baada ya upasuaji. Mwaka 2018 jopo linaloishauri Marekani kuhusu vipimo vya kinga lilisema wenye miaka 55 hadi 69 waamue pamoja na daktari wao, na kuanzia 70 upimaji wa kawaida wa PSA usifanywe.

Ushauri huo umesomwa vibaya na wengi, wakiwemo madaktari. Unamhusu mwanaume asiye na dalili. Mzee mwenye damu kwenye mkojo, maumivu ya mifupa yasiyoelezeka au anayekonda bila sababu si mtu wa kuambiwa "umri wako haupimwi". Huyo anatafutiwa ugonjwa. Tena saratani kali hazijui miaka. Wazee ndio wanaoongoza kufika wakiwa na ugonjwa uliosambaa, na ndio wengi zaidi kati ya wanaokufa nao. Joe Biden, aliyekuwa rais wa Marekani, alipotangaziwa saratani Mei 2025 alikuwa na miaka 82, Gleason 9 (alama ya ukali wa saratani, 6 ikiwa ya chini na 10 ya juu), tayari imefika mifupani. Ofisi yake ilisema PSA yake ya mwisho inayojulikana ilikuwa ya 2014. Watu walishangaa kwamba rais hakupimwa miaka yote hiyo. Kwa mwongozo uliokuwepo, hilo halikuwa ajabu. Kama ilikuwa sawa kwake ni mjadala mwingine, na wenzangu bado wanabishana.

Mimi husimama katikati, na kinachoniamulia ni mtu mwenyewe. Je, ana uwezekano wa kweli wa kuishi miaka kumi mbele? Naangalia anavyoingia chumbani. Mwendo wa kawaida wa mita 0.8 kwa sekunde hulingana na wastani wa miaka iliyobaki kwa watu wa rika lake. Anayefika mita 1 au zaidi kwa kawaida huupita wastani huo. Ipo pia dodoso fupi ya maswali manane iitwayo G8: anakula vipi, amepungua uzito, anatembea, kumbukumbu ikoje, anameza dawa ngapi. Alama za juu ni 17. Akipata 14 au chini, anahitaji tathmini kamili ya uzee kabla sijazungumzia tiba. Nimeona wa miaka 79 wenye mwili wa kutamanika, na wa 68 ambao kisukari kimewamaliza. Na kama mzee alipimwa akiwa na miaka 60 na PSA ikawa chini ya 1, hatari yake ya kufa kwa saratani hii kabla ya 85 ni ndogo sana, karibu asilimia 0.2, huyo namwambia apumzike.

PSA ikibaki juu kwa mzee mwenye afya, hatua inayofuata ni MRI, siyo sindano. Picha ikiwa safi, mara nyingi tunaishia hapo. Ikionyesha doa, tunachukua kinyama kwa kulenga, ikiwezekana kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kwa kuwa maambukizi hupungua kuliko kupitia njia ya haja kubwa yenyewe. Lakini kama majibu yoyote hayatabadilisha nitakachofanya, sichukui. Hili huwaudhi watoto kuliko wazee.

Saratani ikipatikana, Gleason 6 siitibu. Kwa mwenye miaka mingi mbele, tunaifuatilia kwa karibu: PSA, MRI, kinyama tena baadaye, tayari kutibu kwa lengo la kuponya ikigeuka. Kwa aliyedhoofu tunasubiri na kuangalia, na tukitibu tunatibu dalili. Mipango hii miwili huchanganywa, na mzee dhaifu huishia kutobolewa kila mwaka bure. Utafiti wa Uingereza uliogawa wanaume 1,643 kwenye ufuatiliaji, upasuaji au mionzi ulikuta kwamba baada ya miaka 15 chini ya asilimia 3 walikuwa wamekufa kwa saratani hiyo, kundi lolote walilokuwemo. Kusambaa kulikuwa kwingi zaidi kwa waliofuatiliwa tu, asilimia 9.4 dhidi ya takriban 5, na hilo nalisema wazi.

Kwa saratani kali ndani ya mzee mwenye nguvu, kumwonea huruma kwa sababu ya mvi ni kumnyima tiba. Mara nyingi namshauri mionzi pamoja na tiba ya homoni, yaani dawa za kuikata homoni ya kiume. Siku hizi mionzi huweza kuisha kwa vipindi 20, na kwa baadhi ya wagonjwa vitano. Upasuaji baada ya 75 naupendekeza kwa nadra.

Ninachokiona kikiharibu wazee zaidi ni sindano za homoni zinazoanzishwa kwa ajili ya namba. Kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume tunajua tangu 1941 kwa kazi ya Charles Huggins, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kuikata ni dawa nzuri ya saratani iliyosambaa. Lakini mifupa hulegea, misuli huisha, sukari hupanda, joto la ghafla humwamsha usiku, na moyo huingia hatarini. Mzee asiye na dalili, saratani haijasambaa, tiba ya kuponya haimfai, anadungwa ya nini? Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2006 uliwachukua wanaume 985 wa namna hii, nusu wakaanza homoni mara moja na nusu wakangoja. Vifo vya saratani yenyewe havikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika, ingawa walioanza mapema waliishi muda kidogo zaidi kwa jumla. Takriban robo ya waliongoja walikufa bila kuwahi kuhitaji tiba hiyo.

Kwa hiyo mzee wangu anayesubiri anarudi kila miezi sita na PSA mkononi. PSA ikivuka 50, ikijirudufu ndani ya chini ya miezi 12, au dalili zikianza, tunazungumza upya kuhusu homoni. Maumivu mapya ya mgongo yakiambatana na miguu kukosa nguvu, ganzi au mkojo kuziba, asingoje tarehe ya kliniki: huenda uti wa mgongo unabanwa, aletwe hospitali siku hiyohiyo.